Kikombe Kilichowekwa Chini

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, ile ya kuziosha zeituni vumbi. Baba ameingia na matope ya viatu hadi katikati ya zulia, Mama akapiga kelele, na Baba, kana kwamba hakusikia kitu, akasema, "Kesho tunaanza." Kila mwaka ni hivyo hivyo. Mvua, viatu, zulia, kelele, kesho tunaanza.

Shangazi Fikriya, dada yake Baba, ndiye aliyenishauri niandike. Anasema msimu wa kuchuma ulimi wangu unakuwa mkali kuliko msumeno wa kupogolea, na afadhali niumalizie kwenye karatasi kuliko kwa watu. Haya, Shangazi, nimeanza.

Jambo lenyewe ni hili. Nina miaka ishirini na sita na shahada ya fizikia. Nimefundisha mihula miwili katika shule ya wasichana ya hapa kijijini, nikikaimu nafasi za walimu waliokwenda kujifungua. Sasa wote wamekwisha kujifungua. Nakwenda Oman, kama walivyokwenda walimu wengi wa milima hii ya Ajloun kabla yangu, na milango iko miwili. Wa kwanza ni shule binafsi ya Maskati inayoendeshwa na Nawwaf, mtoto wa Abu Nawwaf mwenye kinu cha mafuta cha hapa kwetu. Huo uko wazi hata kesho. Wa pili ni shule za serikali, kupitia Wizara ya Elimu ya kule. Huo una usaili na una kusubiri, na ukifunguka hujui utakutupa mji gani.

Mimi nautaka wa pili. Nyumba nzima inautaka wa kwanza, isipokuwa Shangazi, ambaye amefundisha nchi za Ghuba miaka mingi katika shule binafsi na hataki kusema neno.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumeanza na miti ya chini, karibu na barabara. Kaka yangu Ghaith yuko juu na reki yake, Baba kwenye ngazi, sisi wanawake tumezunguka turubai tunatoa majani.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," Mama akaanza, hata jasho halijatutoka. "Maskati kuna mke wa Nawwaf. Kuna mabinti wa kwetu, wa Irbid na Jerash, jengo moja. Huko serikalini ukiugua, nani atakupikia hata supu ya dengu?"

"Nitajipikia."

"Wewe? Wewe unayeunguza mayai?"

Ghaith alicheka huko juu mpaka reki ikamponyoka, nusura inipasue kichwa.

Nikamgeukia Shangazi. "Wewe unaonaje?"

"Naona zeituni zina funza mwaka huu," akasema, akaendelea kutoa majani. Nadhani ana wivu. Aliyerudi hapendi kumwona anayeondoka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mgongo. Sina la zaidi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimezungumza na Nawwaf kwa simu ya video. Si mtu mbaya. Ana adabu, ana maabara nzuri, amenitembeza humo na simu yake mpaka nikaona mizani ambayo sijawahi kuigusa. Mwalimu wake wa fizikia wa kike ameacha kazi, na katikati ya mwaka hapatikani mwingine. Tiketi ipo, chumba kipo, mkataba wa miaka miwili, kuanzia Januari.

Nikamuuliza anafanyaje na mwanafunzi anayefeli.

"Kwetu hakuna anayefeli, mwalimu," akasema akitabasamu. "Kuna mzazi ambaye bado hajaridhika."

Nikamwambia nitafikiri. Nilimaanisha hivyo. Ile mizani ilinikaa akilini mpaka jioni.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimekwenda Amman, mji mkuu, kwenye usaili wa Wizara ya Oman. Tulikuwa wengi mno, tumepangwa ukutani na bahasha zetu kama wagonjwa. Nilipoingia nilikuta meza na watu watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja. Yule mama wa katikati akaniambia nifundishe jambo lolote kwa kitu chochote kilichomo chumbani.

Nikaomba glasi yake ya maji. Nikaiweka juu ya karatasi ukingoni mwa meza, nikaivuta karatasi kwa ghafla. Glasi ikabaki pale pale. Nikasema kitu kilichotulia hutaka kuendelea kutulia mpaka pawepo cha kukisukuma.

"Kama mume wangu," akasema yule mama, na wenzake wakacheka.

Kisha akawa makini. "Tukikupangia mahali ambapo hujawahi kupasikia?"

"Nitapatafuta kwenye ramani, halafu nitafunga mzigo."

"Shule binafsi huchukua watu upesi. Kwa nini utusubiri sisi?"

Nikamwambia lile ninalojiambia kila siku chini ya miti. Shule ya serikali haichagui. Mtoto akifika mlangoni anaingia, awe mwerevu au mzito, awe na baba au hana. Mimi niliingia kwa mlango huo, na nataka nisimame upande wa ndani wake. Aliandika kitu. Sikukiona.

Watatujulisha. Hawakusema lini.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua. Hatukuchuma. Wizara kimya.

Alhamisi, 31 Oktoba

Ghaith ametutia aibu. Alikwenda kinuni na pikapu imejaa magunia, akakuta mfanyakazi wa pale anawapitisha jamaa zake mbele ya foleni. Badala ya kusema kistaarabu, akapindua kreti la zeituni za watu na kumwita mfanyakazi mwizi wa zamu. Wakashikana mashati. Amerudi na shati halina kifungo hata kimoja, na magunia yetu hayajakamuliwa.

"Kinuni kwa Abu Nawwaf!" Baba anazunguka uani. "Mtu tuliyelinda naye mpaka mmoja jeshini! Hata salamu nitampa kwa uso gani?"

Jioni kumekuja habari kwamba Abu Nawwaf mwenyewe atakuja kesho baada ya sala, na wazee watatu. "Lolote atakalolitaka nitampa," Baba akasema. "Yaishe."

Ijumaa, 1 Novemba

Nina hasira, lakini nitaandika yote kwa mpangilio.

Walikuja wanne, majoho yao ya sufi yamepigwa pasi. Mama na mimi tulikuwa jikoni, mlango wa sebule ya wageni umeachwa wazi kidogo. Ghaith, ameoga na kunyoa kama bwana harusi, ndiye aliyeshika dele la kahawa. Akamimina, Abu Nawwaf akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, kisha akakiweka juu ya kimeza. Hakunywa.

Kwetu mgeni akikiweka kikombe chini, ana haja, na hanywi mpaka ajibiwe. Akiondoka kikombe kimejaa, mwenye nyumba atakumbushwa kikombe hicho mpaka siku ya mazishi yake. Mama alinishika kiwiko. Wote tulijua ni habari ya Ghaith.

Baba hakungoja hata mgeni afungue kinywa. "Kunywa kahawa yako, Abu Nawwaf. Ulichokijia umekipata."

"Hujaniuliza nimejia nini."

"Wala sikuulizi. Kunywa. Umekipata."

Abu Nawwaf akakibugia, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka. "Mungu akuzidishie heshima. Ya Ghaith na kijana wangu ni ya vijana, nimeshayasahau. Mimi nimemjia mwalimu Rudaina. Nawwaf amekwama. Nataka binti yetu awe kwake Januari, miaka miwili, na atakaa kama yuko kwa baba yake."

Ghaith alibaki ameliinamisha dele, kahawa inachuruzika juu ya zulia. Safari hii Mama hakupiga kelele. Na Baba alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole mbele za watu, lakini alitabasamu, na wazee wakamshukuru Mungu, na jambo likawa limekwisha.

Walipoondoka nikaingia. "Baba, nimeposwa?"

"Usianze. Si posa. Ni kazi."

"Bora ingekuwa posa. Posa wangeniuliza."

"Rudaina!" Mama akafoka.

Baba aliangalia kile kikombe kitupu. "Nilidhani ni Ghaith," akasema. "Wallahi nilidhani ni Ghaith." Kisha akatoka kwenda kuwatazama kuku, na sisi hatuna kuku tangu mwaka juzi.

Jumamosi, 2 Novemba

Simsemeshi Baba. Tunachuma mti mmoja, yeye upande wa jua, mimi upande wa kivuli. Wizara kimya.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua ilitukuta katikati ya kazi, Shangazi na mimi tukajificha chini ya turubai moja. Akatoa mkate na jibini kwenye mfuko wake.

"Unadhani nilinyamaza kwa wivu," akasema.

"Sikudhani."

"Ulidhani. Uso wako hauwezi kuficha kitu, na ndiyo maana shule binafsi itakusumbua." Akacheka, kisha akanisimulia mambo ambayo kwa miaka yote hii hajamsimulia mtu.

Alifundisha kemia miaka tisa. Alisimamia basi la shule asubuhi na mchana, akapamba kumbi, akashona mavazi ya sherehe za chekechea, akashika vipindi vya kila aliyeugua. Jioni simu inaita. Mwalimu, kwa nini binti yangu amepata sabini? "Unaulizwa kama vile umemwibia thelathini," akasema. "Na mkataba ni wa mwaka kwa mwaka. Kila ikifika Mei nilikuwa kama mke anayengoja mume yule yule aje amchumbie upya. Mwaka wa tisa hakuja. Alikuja mpwa wa mwenye shule, na mimi nikaagwa kwa ujumbe wa simu."

"Mbona hukuniambia, nilipokuuliza?"

"Kwa sababu nina rafiki aliyekaa shule binafsi ya mtaa wa pili miaka ishirini, na alipoondoka mwenye shule alilia. Na nina mwingine aliyekwenda serikalini, akarudi mwaka haujaisha, upweke ulimshinda. Watoto ni watoto, Rudaina, baba yao alipe ada au asilipe. Niliwapenda wangu. Sikutaka kukuchagulia kwa kidonda changu." Akakata mkate, akanipa kipande kikubwa. "Lakini sasa wameshakuchagulia wengine, basi ngoja na mimi niseme. Nenda unakokutaka."

Nilikula mkate wenyewe kwa aibu. Majuma matatu nimekuwa nikimdhania mwanamke huyu mabaya.

Jumatano, 6 Novemba

Leo Baba amezungumza kutoka juu ya ngazi, mgongo kwangu.

"Ulitaka nimwambieje? Rudisha kahawa?"

Nikavuta tawi, nikaendelea kuchuma.

"Ahadi ni deni, Rudaina."

"Ahadi ni yako, Baba. Deni umenipa mimi."

Akaacha kuchuma. "Maskati nina mtu wa kumgombeza," akasema. "Likikupata jambo, nampigia Abu Nawwaf namtukana mpaka asubuhi. Huko serikalini nitamgombeza nani? Waziri?"

Sikutarajia hilo. Tangu Ijumaa nilimwona kama mtu aliyenigawa ili kuokoa uso wake. Leo nimeona ngazi inatetemeka, na si kwa upepo. Baba anaogopa. Na jana Mama alisema Baba hajagusa mafuta mapya tuliyoletewa na jirani, yeye ambaye huyanywa kama maziwa.

Ningeweza kukataa kutia sahihi, basi. Hakuna anayeweza kunishika mkono. Lakini Baba hana shamba kubwa, hana cheo. Alicho nacho ni kwamba akisema "kunywa kahawa yako," mtu hunywa bila wasiwasi. Nikikataa, kuanzia siku hiyo watu watakuwa wanamuuliza kwanza kama binti yake ameafiki.

Kwa hiyo sikatai, na siendi. Nimepiga moyo konde. Neno lililokwisha kutoka, mwenye uwezo wa kulirudisha ni yule aliyelipokea.

Ijumaa, 8 Novemba

Ukungu siku nzima. Mkataba umefika kwenye simu, unatakiwa sahihi kufikia Jumapili. Kifungu kimoja kinasema "na kazi nyinginezo kadiri uongozi utakavyoona." Nikamsomea Shangazi. Akasema, "Hilo ndilo basi, na hizo ndizo nguo za chekechea." Wizara kimya.

Jumamosi, 9 Novemba

Tulikwenda kinuni watatu, Ghaith, Shangazi na mimi, na magunia yetu. Baba alibaki. Alisema ana mafua.

Ilikuwa siku ya msongamano. Mashine inanguruma, foleni imefika barabarani, watu wamekaa juu ya magunia yao wanachovya mkate katika mafuta yanayotoka bombani bado ya kijani. Ghaith akamtafuta yule mfanyakazi, wakabusiana mashavu kwa shingo upande. Kisha Abu Nawwaf akaja na dele, maana kinuni kwake huwamiminia wageni kwa mkono wake mwenyewe, na hilo watu wanamsifia.

"Karibu, mwalimu wetu!" akaniambia, akanipa kikombe.

Nikakipokea kwa mkono wa kulia. Nikainama, nikakiweka juu ya kreti mbele yake.

"Kunywa, binti, itapoa."

"Nina haja, ami."

Waliokuwa karibu waliacha kutafuna. Mzee mmoja mwenye kilemba chekundu akasema, "Loh! Siku hizi hata wanawake wanaweka vikombe?"

"Wameipika hiyo kahawa tangu enzi za babu yako," Shangazi akamjibu. "Wakiiweka chini mara moja, utakufa?"

Watu wakacheka. Abu Nawwaf hakucheka. "Hili si jambo la mchezo, Rudaina."

"Sichezi."

"Basi mimi si kama baba yako. Mimi nauliza kwanza. Haja gani?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno haya tangu Jumatano, mti kwa mti, na yalitoka kama nilivyoyapanga.

"Nakuomba umrudishie Baba neno lake. Ukikataa, nitakwenda Maskati. Nitafundisha vizuri miaka yote miwili, na Nawwaf hatakuwa na lawama, kwa sababu neno la Baba halitaanguka kwa ajili yangu. Lakini utajua kwamba mwanao ana mwalimu aliyeletwa na kikombe, hakuja kwa kupenda. Na wewe ni mtu wa kinu. Unajua zeituni zilizopigwa kwa fimbo zinatoa mafuta gani."

Mzee wa kilemba chekundu akatikisa kichwa. "Machungu," akajisemea.

Abu Nawwaf aliliweka dele chini. "Wizara wamekujibu?"

"Bado."

"Na wasipokujibu?"

"Nitakuwa nimekosa vyote viwili."

"Unaacha kilichoko mkononi kwa kisichokuwepo. Huo ni wazimu."

"Ni wazimu, ami. Lakini ni wangu mwenyewe."

Akapiga hatua moja, akarudi. Alikuwa amekasirika, nisidanganye. Shingo yake ilikuwa nyekundu. "Nani amekufundisha kuweka kikombe mbele ya watu namna hii?"

"Wewe. Sebuleni kwetu."

Hapo foleni nzima ikaangua kicheko, mpaka yule mfanyakazi aliyeshikana mashati na Ghaith. Abu Nawwaf aliwaacha wamalize. Nilidhani atageuka aondoke, na kikombe kibaki pale juu ya kreti kama jiwe la kaburi la ujanja wangu. Kisha akapumua kwa pua.

"Kunywa kahawa yako," akasema. "Mwambie baba yako hanidai wala simdai."

Nilikunywa. Ilikuwa imepoa na chungu, na nusu nikaimwaga kwenye kidevu.

"Na nyinyi," akamgeukia Ghaith kwa sauti ya kusikiwa na wote, "kwa kuwa mnapenda sana zamu, rudini mwisho wa foleni!"

Tulikamua saa za alasiri, watu wote wamekwisha ondoka.

Jumapili, 10 Novemba

Kijiji kizima kinajua. Mama amenuna. Baba ameuliza jambo moja tu, kama kahawa ya kinuni ilikuwa na iliki ya kutosha. Nikamwambia haba. Akasema alijua tu. Kisha akaomba mafuta mapya na mkate, akala mpaka akalamba sahani.

Jumatano, 13 Novemba

Nawwaf ameniandikia. "Mwalimu, ungesema tu hapana." Nikamjibu kwamba nilisema nitafikiri, na kabla sijamaliza kufikiri wazee wanne walikuwa sebuleni. Akatuma neno moja, "Kweli." Kisha akaniuliza kifaa gani ningependa kiwepo kwenye maabara. Nimesema si mtu mbaya.

Alhamisi, 21 Novemba

Tumemaliza mti wa mwisho. Turubai zimekunjwa. Mama ameinama kwenye mitungi yake ya achari, akaimba kwa sauti ya kunifikia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Wizara kimya.

Alhamisi, 28 Novemba

Nawwaf amepata mwalimu, binti wa Jerash. Amekubali siku hiyo hiyo. Mlango wa kwanza umefungwa.

Naogopa. Naliandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu. Usiku nimeiota ile mizani. Mchana nimekwenda kumwuliza mwalimu mkuu wa shule yetu kama kuna yeyote mwenye mimba. Akacheka. Mimi sikucheka sana. Lakini ningeulizwa tena pale kinuni, kikombe kingekuwa pale pale juu ya kreti.

Jumatatu, 2 Desemba

Baridi. Wizara kimya.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimechukuliwa!

Ujumbe uliingia nikiwa naosha vyombo, nikausoma kwa vidole vya sabuni mpaka kioo kikawa hakisomeki. Fizikia, wasichana, shule ya serikali, Haima.

"Haima ni wapi?" Mama akauliza. Ghaith akaleta ramani kwenye simu yake. Ni nukta moja, na pande zote nne ni rangi ya njano, jangwa tupu.

"Hongera, mwalimu wa ngamia," Ghaith akasema.

Mama akaangalia njano ile, akalia. Kisha akafuta macho kwa mtandio wake na kuanza kujaza mtungi wa zeituni wa kusafiria, akisema wazi kwamba hao watu wa Haima hata achari hawajui. Shangazi alinikumbatia bila kusema neno, na safari hii nimeelewa kunyamaza kwake. Baba alisoma ujumbe mara mbili, akanirudishia simu, akaenda kuwatazama kuku.

Ijumaa, 6 Desemba

Baada ya sala Baba aliniita sebule ya wageni. Tangu nizaliwe naifagia sebule hiyo, na sijawahi kukaa humo kama mgeni. Alikuwa amekaanga kahawa yeye mwenyewe, moshi umejaa mpaka darini. Akanionyesha kiti cha juu, alipokaa Abu Nawwaf.

"Hapo, Baba?"

"Kaa. Au nikuandikie barua?"

Nikakaa. Akanimiminia, nikapokea kwa mkono wa kulia. Akajimiminia. Kisha akakiweka kikombe chake juu ya kimeza.

Nikakitazama. Yeye akatazama zulia, pale kahawa ya Ghaith ilipoacha doa.

"Nina haja," akasema.

Neno "umekipata" lilikuwa mdomoni mwangu tayari. Nikalizuia. "Haja gani, Baba?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Umenizidi akili. Vizuri. Mtu aulize kwanza." Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Haima sina mtu wa kumgombeza. Kwa hiyo nakuomba hivi. Mambo yakikushinda, niambie mimi wa kwanza. Si mama yako, si Fikriya. Usinifiche eti nitaaibika. Ukitaka kurudi baada ya miaka kumi, rudi. Ukitaka kurudi baada ya juma moja, rudi, na sitauliza kwa nini. Mlango huu hauna usaili."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Mvuke wa kikombe chake ulikuwa unapungua, na yeye hakukigusa, amekaa wima mbele yangu na mikono juu ya magoti, kama wanavyokaa wenye haja.

"Kunywa kahawa yako, Baba," nikamwambia.